PABX ya wingu, Asterisk ya ofisini au tubaki na laini za mkononi? Ulinganisho kwa SACCOS yenye matawi

Karani_Moro
Wakuu, salaam. SACCOS yetu ina makao makuu Morogoro mjini na matawi mawili, Kilosa na Ifakara. Wafanyakazi wa mezani ni kama 25. Hadi leo kila mtu anapiga kwa simu yake, mwisho wa mwezi tunagombania vocha, na mwanachama akipiga hajui ampate nani. Bodi inataka mfumo mmoja wa sauti na mikutano ya video, upite kwenye intaneti hiyo hiyo inayobeba programu ya mikopo. Nina njia tatu: PABX (mtambo wa kugawa simu za ofisi) ya wingu, unalipia kila ekstensheni, yaani namba ya ndani, kwa mwezi; seva yetu wenyewe yenye Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi; au bando la kampuni na kila kitu kiende WhatsApp. Halafu kuna mtu anatuuzia mitambo ya mkutano wa video ya H.323 (kanuni ya zamani ya simu na video kwenye mtandao) iliyotumika, bei ya kutupa. Mnaonaje?

FundiSwichi
Mkuu, anza na hesabu ya sauti, mengine yatafuata. Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 ni kilobiti 64 kwa sekunde, lakini hiyo ni sauti tupu. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, na kila pakiti ina baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa (anwani na maelezo ya safari) vya IP, UDP na RTP. Hapo tayari ni kilobiti 80. Ongeza vichwa vya Ethernet, mtandao wa waya wa ofisini, unafika 87 kila upande. Watu hukimbilia G.729, kodeki inayobana sauti, wakidhani kilobiti 8 zake ni 8 kweli. Wapi! Mzigo wake ni baiti 20 kwa pakiti na vichwa ni vile vile 40. Mchukuzi mnene kuliko gunia. Inatoka kilobiti 24, na kwenye Ethernet kama 31.

Simu nane kwa pamoja kwa G.711 ni takriban kilobiti 700 kwenda na 700 kurudi. Faiba haihisi hata kidogo. Kinachoua simu ni pakiti kuchelewa, kufika kwa mafungu au kupotea njiani, hasa mtu wa mikopo anapopandisha faili kubwa wakati mwenzake yuko hewani.

Kura yangu ni Asterisk. Ni programu huria, ipo tangu 1999, na FreePBX inakupa kurasa za kubofya badala ya kuandika mafaili usiku kucha.

DadaWingu
Niseme mapema kwamba nauza huduma za wingu, mnipime kwa hilo. Fundi, umeme ukikatika Morogoro na betri ya UPS ikaisha, seva yako imelala, na Kilosa na Ifakara wamelala nayo. Ya wingu ingeendelea kupokea na kuhamishia simu kwenye laini ya mkononi ya zamu. Na swali ambalo hakuna anayeliuliza: huyo kijana wenu wa TEHAMA akipata kazi Dodoma, nani anajua nywila ya hiyo seva?

Otis254
DadaWingu ana hoja, lakini muulize seva yake iko wapi. Mimi niko Nairobi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Ofisi ambayo PABX yake iko Ulaya, karani wa ghorofa ya kwanza kumpata wa ghorofa ya pili ikawa shida, na wote wako jengo moja. Hata siku za kawaida, sauti ikitoka Morogoro hadi Frankfurt ndipo irudi Kilosa, inaweza kumaliza milisekunde 150 zote ambazo pendekezo la G.114 la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linaziona salama kwa safari ya sauti ya upande mmoja. Zaidi ya hapo watu wanaanza kukatizana maneno na kila mmoja anadhani mwenzake hana adabu.

FundiSwichi
Hapo Otis amegusa penyewe. SIP kazi yake ni kupatanisha simu tu: nani anampigia nani, kodeki ipi, anwani ipi. Sauti yenyewe inabebwa na RTP, na mpangilio ukiruhusu inaweza kwenda moja kwa moja kati ya simu mbili bila kupita kwenye seva. Kwa NAT za watoa huduma wetu (wateja wengi nyuma ya anwani moja), mara nyingi ya wingu inalazimisha sauti yote ipite kwake.

DadaWingu
Kweli. Ndiyo maana mtoa huduma mwenye seva Dar es Salaam, anayekutana na wenzake pale TIX, kituo cha watoa huduma kubadilishana data, ili data isitoke nchini, si sawa na yule wa nje mwenye bei nafuu. Hilo liandike kwenye maswali ya zabuni.

Mzee_Modemu
H.323 uikimbie, kijana. Ilitoka ITU mwaka 1996, enzi zetu, na ilifanya kazi nzuri. Lakini ujumbe wake umefungwa kwa mfumo wa namba, huwezi kuusoma kwa macho, wakati ujumbe wa SIP ni maandishi, unaufungua ukaona kosa liko wapi. Mitambo mingi ya zamani inajua zote mbili. Kama hiyo unayouziwa inajua H.323 peke yake, utahitaji lango la kuitafsiri, na hapo bei ya kutupa imekwisha.

Mkunazini
Hili la Asterisk nina neno moja, na ni zito. Usiache bandari ya 5060 (mlango wa SIP kwenye seva) wazi kwa dunia nzima. Kuna programu zinazopita mchana na usiku zikitafuta seva za simu, zinajaribu ekstensheni 100, 101, 102 na nywila za kijinga. Zikiingia, wikiendi nzima seva yako inapiga namba za ghali za nje ya nchi, na mwenye mchezo huko anakula mgawo. Jumatatu unaletewa ankara. Matawi yaunganishwe kwa VPN (njia iliyofungwa ndani ya intaneti), trunki ya SIP (laini yenu ya simu za nje) iruhusiwe kutoka anwani ya mtoa huduma pekee, fail2ban, inayomfungia anayekosea nywila mara kwa mara, iwashwe, na simu za nje ya nchi zifungwe kabisa kwa kila asiyezihitaji. Na namba zenu zitoke kwa mwenye leseni ya TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, si kwa mtu wa sim boksi anayepitisha simu kwa rundo la laini za mkononi.

Bin_Deira
WhatsApp kama simu ya ofisi hapana. Mimi niko Dubai, huku simu za WhatsApp zimezuiwa, kwa hiyo mwanachama wenu aliyeko huku ataandika tu. Na karani akiacha kazi, namba na mazungumzo yote na wanachama anaondoka nayo mfukoni.

Karani_Moro
Nashukuru. WhatsApp na H.323 nimezitoa. Na video ya bodi? Ni watu sita.

Otis254
Jitsi, programu huria ya mikutano ya video. Kwa sita, kila mmoja anapandisha picha yake mara moja kwa seva na kupokea za wenzake watano. Bila seva ya katikati, kila mmoja angepandisha mara tano, na kupandisha ndiko laini zetu zilikonyongwa. Aliye kwenye 4G azime kamera, abaki na sauti. Opus, kodeki yake ya sauti, inavumilia mengi.

FundiSwichi
Karani, kabla ya kulipa mtu yeyote, acha ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) ikimbie siku nzima ya kazi kutoka kila tawi hadi Morogoro. Lete wastani, mruko mkubwa na zilizopotea.

Karani_Moro
Nimerudi. Kilosa, faiba: wastani milisekunde 24, haipandi zaidi ya 40, hakuna kilichopotea. Ifakara, ruta ya 4G: asubuhi 70, kuanzia saa tisa mchana inaruka hadi 400, na zinapotea 3 katika kila 100.

Mkunazini
Ifakara jioni watasikia roboti.

FundiSwichi
Basi usilazimishe mfumo mmoja. Morogoro na Kilosa weka Asterisk, swichi yenye PoE (inayolisha simu umeme kwa waya wa mtandao), sauti kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa, na ruta ipe kipaumbele pakiti zenye alama ya haraka ya EF, yaani DSCP 46, ziitangulie programu ya mikopo. Hilo linalinda foleni ya ruta yako tu, likishatoka kwenye intaneti hakuna anayeiheshimu alama yako. Ifakara wape ekstensheni, lakini Asterisk iihamishie simu kwenye laini ya kawaida ya mkononi ya tawi, kupitia trunki. Mtalipia dakika hizo, ila mwanachama atasikika.

DadaWingu
Na trunki hiyo mwambie mtoa huduma aiwekee namba ya akiba: seva ya Morogoro isipojibu, simu ziende kwenye mkononi wa zamu. Hapo hoja yangu ya umeme mmeimaliza bila kuninunulia kitu.

Karani_Moro
Hiyo ya akiba inawekwa kwao au kwenye Asterisk?

DadaWingu
Kwao. Asterisk iliyozimika haiwezi kuhamisha simu.