Kache ya MB 512 inajaa, watumiaji wanatupwa nje: tupande kifurushi au tugawe upya?

Fundi wa Kizota: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Dodoma, nasimamia mfumo unaowapa madalali na wakulima bei za mahindi na alizeti soko la Kibaigwa. Tumekodi Redis (kache, yaani hifadhi ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu) kwenye klaudi, MB 512. Humo kuna sesheni za waliologini, orodha za bei, na ripoti za mwezi. Siku za kawaida shwari. Msimu wa mavuno malori yakishapanga foleni, watu wanatolewa kwenye akaunti katikati ya kujaza oda. Kwenye logi hakuna kosa. Bosi anataka tupande kifurushi, na malipo ni kwa dola. Nishaurini.

Bahi Road: Pandeni GB 1, yaishe. Muda wako ni ghali kuliko hizo dola.

Ubuyu wa Mpwapwa: Msipande kwanza. Ingekuwa noeviction (sera ya kutofuta kitu), kache ikijaa Redis ingekataa kuandika na ungeona kosa la OOM (kumbukumbu imeisha). Kama hakuna kosa, kuna kitu kinafutwa kimyakimya. Nahisi sera yenu ni volatile-lru, ambayo hufuta funguo (data iliyohifadhiwa kwa jina) zenye TTL (muda wa kuisha) tu. Sesheni zina TTL, ripoti bila shaka hazina. Yaani shemeji kaja kusalimia akahamia chumbani, wenye nyumba wanalala nje. Angalia evicted_keys (idadi ya funguo zilizofutwa) kwenye INFO stats, halafu endesha redis-cli --bigkeys uone funguo kubwa.

Fundi wa Kizota: Dada, umegonga penyewe. Ni volatile-lru, na evicted_keys inapanda kila soko likichangamka. Funguo nene zote ni ripoti, nyingine za msimu uliopita. Niweke allkeys-lru, inayofuta funguo zozote zilizokaa bila kuguswa?

Ubuyu wa Mpwapwa: Kwa orodha za bei, sawa; kwa sesheni, hapana. Mtu akiacha simu kidogo apakie magunia, bado anaweza kufutwa. Tenga instansi mbili (Redis mbili zinazojitegemea): ya sesheni iwe noeviction, na tahadhari ikifika asilimia 70, ya bei iwe allkeys-lru. Usije ukatumia db 0 na db 1 za Redis moja ukadhani umetenga, maana maxmemory (kikomo cha kumbukumbu) ni moja kwa zote. Ripoti zitoe kabisa, zikae kwenye hifadhi ya mafaili. Nani anasoma ripoti ya mwezi kila dakika?

Zabibu Kavu: Na msigawe MB zote hadi tone la mwisho. Redis ikichukua snepshoti (nakala ya data kwenye diski), data inayobadilika wakati huo hunakiliwa upya, kumbukumbu inapanda ghafla. ElastiCache, huduma ya kache ya Amazon (AWS), yenyewe hutenga asilimia 25 pembeni usipobadilisha.

Bahi Road: Haya, dola zenu zimepona. Ila msimu ujao mkiongezeka mtanikumbuka.

Fundi wa Kizota: Ripoti nimeshazihamisha. Amri ya MEMORY USAGE inaonyesha sesheni moja kama KB 4. MB 128 zitatosha?

Ubuyu wa Mpwapwa: Watu 10,000 kwa mpigo ni kama MB 40. Zinatosha na chenji inabaki. Ila KB 4 za nini? Mmeweka nini humo?

Fundi wa Kizota: Orodha ya bei za wilaya yake, ili ifunguke haraka.

Ubuyu wa Mpwapwa: Si ipo tayari kwenye kache ya bei? Itoe.