Miezi tisa sura moja haijasomwa, ada inadaiwa vilevile: hawa wasimamizi wa tasnifu wanatumaliza

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Nasoma uzamili wa isimu kwenye chuo kimoja hapa nchini, jina naliacha. Masomo ya darasani nilimaliza kwa wakati, pendekezo la utafiti likapita, nikaenda uwandani Muheza kukusanya data za lugha ya Kibondei. Sura ya nne nikaipeleka kwa msimamizi mwezi wa pili, nimeichapa na kuitia springi, maana hasomi kwenye kompyuta. Leo ni mwezi wa kumi na moja. Nakala yangu iko juu ya kabati la faili, chini ya rundo la mitihani ya shahada ya kwanza. Naijua kwa pembe ya jalada iliyokunjika siku ile naipeleka; kila nikichungulia mlangoni naiona.

Simu hapokei. Ujumbe anausoma, kimya.

Wiki iliyopita akaniita. Nikapanda basi kutoka Tanga nikijua leo ni leo. Hakuwa amefungua hata ukurasa mmoja! Akaniambia, "Fonolojia Zalishi imepitwa na wakati, badilisha nadharia, tumia Umbo Upeo."

Hizo ni nadharia mbili za kuchambua sauti za lugha. Wakuu, Umbo Upeo ndiyo niliyoiandika mimi kwenye pendekezo. Yeye ndiye aliyeikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Zalishi inatosha." Karatasi ninayo. Zalishi ya Chomsky na Halle ni ya 1968, Umbo Upeo ya Prince na Smolensky ni ya 1993. Kati ya mwaka jana na mwaka huu hakuna kilichobadilika.

Na kubadilisha nadharia si kufuta jina moja na kuweka jingine. Zalishi unaandika kanuni zinazolitoa neno kwenye umbo la ndani, lilivyo akilini, hadi umbo la nje, linavyotamkwa, hatua kwa hatua. Umbo Upeo hakuna kanuni hizo. Unapanga mashartizuizi, yaani masharti ya umbo gani linakubalika, kwa kufuata lipi lina nguvu kuliko jingine, na kuchora majedwali kushindanisha maumbo. Hapo sura ya pili, ya tatu na ya nne zote naanza upya. Mimi ni mwalimu wa sekondari, ruhusa yangu ya masomo inaisha, na ada ya mwaka wa ziada natoa kwenye mshahara wangu mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni bibi mmoja kule kijijini aliyekaa nami siku sita ananitajia maneno, akinirudisha kila nilipokosea kutamka. Aliniambia, "Mjukuu wangu, ukimaliza uje unisomee." Amefariki mwezi wa nane. Nyumba nne nilizorekodi, wajukuu wote walinijibu kwa Kiswahili. Mmisionari Woodward alichapisha kitabu kuhusu Kibondei mwaka 1882, enzi za kusafiri kwa meli na miguu. Mimi nina kinasa sauti na kompyuta, sura moja imekwama juu ya kabati!

Sasa naomba msaada. Aliyewahi kubadilishiwa msimamizi aniambie barua aliianzia wapi: kwa mkuu wa idara, au moja kwa moja kurugenzi ya uzamili? Na ile karatasi yenye kalamu nyekundu, niiambatishe kwenye barua au niishike mpaka niitwe kwenye kikao?