Uzi wa ku-import moduli kwenye Python: tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Wanaoanza Python wengi if na for wanazielewa vizuri, ila wakifika kwenye import (amri ya kuingiza moduli, yaani faili la msimbo ulioandikwa tayari, kwenye programu yako) wanakata tamaa. Naomba kila mmoja aeleze alichokutana nacho.

Naanza. Kuna kijana namfundisha jioni, alitengeneza mchezo wa kubahatisha namba. Faili akaliita random.py, ndani akaandika import random (moduli ya Python ya kubahatisha), kisha random.randint(1, 10) ili apate namba yoyote kuanzia 1 hadi 10. Python ikamjibu kuwa random haina randint. Akaifuta Python yote, akaiweka upya, jibu likawa lile lile. Shida ilikuwa jina. Ukiendesha faili, Python hutafuta moduli kwanza kwenye folda ya faili hilo, ndipo iende kwenye maktaba yake. Kwa hiyo lile faili lilikuwa linajiita lenyewe! Tulipolibadili kuwa bahatisha.py, mchezo ukakubali palepale. Kuanzia toleo la 3.13, ujumbe wa kosa unakushauri kabisa ubadili jina la faili. Hapo wametusaidia sana.

Mdau wa Mwanza:
Asante mkuu. Mdogo wangu amekwama tangu asubuhi, kumbe faili lake kaliita turtle.py, jina la moduli ya kuchora ya Python yenyewe.

Mdau wa Nakuru:
Wanafunzi wangu huchanganywa na majina ya pip (programu ya kupakua na kuweka moduli za nje). Unaweka pillow, lakini kwenye programu unaandika from PIL import Image. Opencv-python unaiita cv2, beautifulsoup4 unaiita bs4. Kabla ya kuweka chochote, fungueni ukurasa wake wa PyPI (tovuti ambako pip huzipata) mwangalie mfano wa kwanza.

Mdau wa Dodoma:
Mimi yaliyonikuta ni ya bando. Kompyuta ya kazini ilikuwa na Python mbili. Nimepakua pandas (maktaba ya kuchambua data), pip inasema tayari, programu inasema ModuleNotFoundError, yaani moduli haijapatikana. Ilikuwa imeingia kwenye ile Python nyingine. Siku hizi naandika python -m pip install pandas, hivyo inaingia kwenye Python ile ile ninayoitumia kuendesha programu.

Mwanzisha uzi:
Dada wa Dodoma, umegusa penyewe. Mwenye shaka aandike import sys, kisha print(sys.executable), ataona ni Python ipi inayofanya kazi. Waliotumia venv (mazingira ya Python yaliyotengwa kwa kila mradi) kwenye mashine zenye RAM ndogo, tunawasubiri.