Chemka, Ngare Sero au Sanje: wapi pa kupiga kambi na watoto wanaotaka kuogelea?

Mama Watatu (Arusha)
Habari zenu wana jukwaa. Likizo ya Juni tunataka kulala kambini siku mbili: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu wa miaka 11, 7 na 4. Wanachotaka ni maji tu. Tumechuja tukabaki na chemchemi ya Chemka kule Hai, maporomoko ya Ngare Sero kule Ziwa Natron, na maporomoko ya Sanje huko Udzungwa. Gari ni la juu. Mdogo hajui kuogelea. Aliyewahi kufika na watoto anisaidie.

Kijana wa Boma
Dada, kwetu ni Hai, nimekua nikiogelea Chemka. Ukitoka Boma Ng'ombe ni vumbi na migunga mwanzo mwisho, unaanza kujiuliza kama umepotea, mara unaona kijani cha mikuyu na maji ya bluu unayoona mpaka chini. Wanayaita maji moto lakini ni vuguvugu tu. Samaki wadogo wanakuja kudonoa miguu. Huyo wa miaka 7 atapiga kelele mwanzoni, baadaye kumtoa itakuwa kazi.

Shida ni kina. Sehemu kubwa hata mtu mzima hagusi chini, na kingoni kuna mizizi inayoteleza. Mdogo avae jaketi la kuokolea tangu anashuka garini. Msitegemee tyubu, mtoto wa umri huo anapenya katikati. Mkubwa ataitaka ile kamba ya kurukia: mfundisheni kutazama kwanza nani yuko chini. Na msiende Jumapili, watu wanajaa. Mkilala pale katikati ya wiki, saa moja na nusu asubuhi mko majini peke yenu.

Dereva wa Kaskazini
Natron napeleka wageni mara kwa mara. Ziwa ni magadi, si la kuogelea. Maji mnayofuata ni ya mto, yanashuka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Mnaingia korongoni na kijana wa Kimasai anawaongoza, mnavuka mto mkishikana mikono. Maji yakimfika mtu mzima magotini, wa miaka 4 yanamfika kiunoni, kwa hiyo atabebwa. Vaeni katambuga au viatu vinavyokubali maji, mawe yanachoma. Mama mkwe itabidi abaki kambini, na joto la mchana kule si la kumwachia mzee. Njia ya Engaruka ni mawe, bebeni spea mbili na fedha taslimu za ushuru wa vijiji.

Ila usiku wa kule, dada! Mlima Ol Doinyo Lengai umesimama nyuma ya hema, na nyota zimejaa hadi chini. Wapeleke wakikua.

Nesi wa Moro
Sanje nimepanda mara mbili. Maporomoko yanafika mita 170 kwa jumla, chini kuna kidimbwi cha maji baridi kweli. Lakini ni msituni, mlima mkali, na kutoka Arusha mpaka Mang'ula, kule Udzungwa, likizo yenu itaishia barabarani. Kwa siku mbili, hapana.

Kuhusu kichocho: konokono wake wanapenda maji yaliyotuama yenye majani, na vimelea vinapita kwenye ngozi, si lazima mtoto anywe. Epukeni madimbwi ya pembeni. Mtoto akikojoa damu, hata miezi kadhaa baadaye, apimwe. Dawa ipo, prazikwanteli.

Msafiri 88
Mbona hakuna aliyetaja Ziwa Chala? Ni karibu na Moshi.

Dereva wa Kaskazini
Kwa watoto, hapana mkuu. Ni ziwa la kreta, ukitoka ukingoni kina kinashuka ghafla. Mwaka 2002 mamba alimuua binti wa Kiingereza upande wa Kenya. Mandhari yake ni ya kutazama ukiwa juu.

Mama Watatu (Arusha)
Nimewaelewa, asanteni sana. Ni Chemka, Jumanne hadi Alhamisi, na jaketi nanunua kabla ya hema la pili. Mama mkwe ameuliza jambo moja tu: kivuli kipo?

Kijana wa Boma
Kipo cha kutosha, mikuyu imefunika. Mtandikie mkeka upande wenye mizizi mipana, atawaona wajukuu wote watatu. Jua likizama watoto watoke majini, na msiufuate mto kwenda chini, ogeleeni chemchemi tu. Chakula kifungeni garini, tumbili wa pale wanafungua mifuko.