Sahani za puli ya nyuma ya skuta zimegandana: nizitenganishe vipi bila kuziharibu?

Binti Raskazone (swali)

Habari za leo, ndugu na mafundi. Nina skuta ya Kichina yenye injini ya 157QMJ, yaani ile GY6 ya cc 150, ambayo ilikaa bila kutumika tangu kabla ya masika kwenye banda lililo karibu na bahari hapa Tanga. Nilipoiwasha, injini iliwaka vizuri, lakini nikiwa nimeisimamisha kwa stendi ya kati gurudumu la nyuma linazunguka kwa kasi hata kabla sijashika mafuta. Barabarani inaondoka kwa uzito mkubwa, kama gari linaloondolewa kwa gia ya tatu, na kwenye kilima inaishiwa nguvu wala mlio wa injini haupandi.

Nimefungua kava la kushoto, nikatoa bakuli la klachi, kisha puli ya nyuma pamoja na klachi yake. Nati kubwa ya 39 imefunguka, springi kubwa na sahani yenye shuu tatu (vile vipande vya klachi vinavyotanuka na kushika bakuli) zimetoka bila taabu. Kilichonishinda ni puli yenyewe, kwa sababu sahani zake mbili hazitaki kuachana, hazisogei wala hazizunguki. Fundi jirani anashauri tuzipashe moto wa gesi na kuingiza tindo katikati. Naomba kuelezwa namna sahihi ya kuzitenganisha, na baadaye namna ya kuzirudisha.

Fundi wa Kisauni

Dada, mwombe jirani yako aiweke tindo kando kwanza. Sahani hizo hazijashikamana kwa kutu peke yake. Zimefungwa pia na pini tatu ambazo kwa sasa huzioni, na hata mkizigonga mpaka jioni hazitaachana pini hizo zikiwa ndani.

Tazama upande ilipokaa springi. Shingo ya sahani tembezi, yaani ile inayosogea, imevikwa kola ya chuma chembamba, ambayo kwa macho huonekana kama sehemu ya puli yenyewe, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kazi ya kola hiyo ni kufunika mifereji mitatu iliyokatwa kwenye shingo na kuizuia grisi isitoke, ikisaidiwa na oringi (pete za mpira) mbili, moja juu ya mifereji na nyingine chini yake. Pini zinapita katika mifereji hiyo na kuingia kwenye matundu ya bomba la sahani tuli, ile isiyosogea.

Paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye ukingo wa kola na uyaache yapenye usiku kucha. Kesho yake izungushe kola kwa mkono huku ukiivuta juu. Ikigoma, tumia bisibisi bapa mbili zilizozungushiwa kitambaa, uinue kidogo kidogo kutoka pande mbili zinazotazamana, kwa kuwa ukiinua upande mmoja tu itapinda, na kola iliyopinda haizibi tena. Ikishatoka utaziona pini. Zivute kwa koleo ya mdomo mrefu. Iliyobanwa na kutu huachia ukiitia mafuta na kuitikisa sahani tembezi kulia na kushoto hata kwa kiasi kidogo sana. Pini zote zikiwa nje, sahani tembezi huzungushwa huku ikivutwa. Ikihitaji kugongwa, tumia kipande cha mbao na uigonge karibu na shingo, kamwe si kwenye ukingo unaogusana na mkanda unaounganisha puli ya mbele na ya nyuma, maana ukingo ukipinda hata kidogo mkanda utatikisika na kuliwa upande mmoja.

Ukitaka kujua kwa nini skuta yako haipandi kilima, itazame mifereji hiyo vizuri. Imekatwa kwa mshazari ili mzigo unapoongezeka sahani tembezi ijizungushe kidogo, ijisogeze kuielekea mwenzake, iubane mkanda na kuupandisha juu, na hivyo skuta irudi kwenye gia nyepesi. Puli yako imeganda ikiwa imepanuka, mkanda ukawa umezama ndani muda wote, ndiyo maana injini inabeba gia nzito tangu mwanzo wa safari. Mtu asiyelijua hili hununua roli mpya za puli ya mbele, halafu anashangaa hakuna kilichobadilika.

Kuhusu gesi, jibu langu ni hapana. Ndani ya sahani tembezi kuna sili za mpira, na ndani ya bomba la sahani tuli kuna beringi mbili, moja ya sindano na nyingine ya gololi, ambazo grisi yake itaungua kabla chuma chenyewe hakijatanuka vya kutosha.

Mzee wa Vespa, Unguja

Nakubaliana na fundi kuhusu kola na pini. Kuhusu joto naona amekaza mno, kwani mimi humwagia maji yanayochemka juu ya shingo ya puli, na mara nyingi grisi iliyokauka hulainika, kola ikatoka kwa mkono.

Nataka kuligusia lile gurudumu linalozunguka, kwa sababu tatizo hilo halitokani na puli. Skuta ya aina hii ikiwa kwenye stendi, si ajabu gurudumu lizunguke polepole na kusimama ukigusa breki. Likizunguka kwa nguvu, kuna mawili: ama injini imewekewa mzunguko wa juu mno ikiwa haijashikwa mafuta, ama shuu za klachi zimegoma kurudi. Kila shuu inaning'inia kwenye pini yake na kurudishwa na springi ndogo, na chumvi ya bahari ikiingia kwenye pini hiyo, shuu hubaki imepanuka ikisuguana na bakuli wakati wote.

Kwa hiyo usiirudishe sahani ya shuu kama ilivyotoka. Vaa miwani ya kukinga macho, toa zile springi tatu kwa koleo, ondoa vibanio vilivyo kwenye vichwa vya pini, kisha vuta shuu mojamoja na kuziwekea alama ili kila moja irudi mahali pake. Safisha pini na matundu kwa msasa laini. Grisi ya hapo iwe utando tu, kwa sababu klachi ikizunguka grisi ya ziada hurushwa moja kwa moja kwenye lainingi, ile sehemu ya shuu inayosuguana na bakuli. Lainingi iliyobakiwa na unene wa milimita 2 imekwisha, na iliyong'aa kama kioo ikwaruzwe kwa msasa mpaka ule mng'ao upotee. Lichunguze na bakuli kwa ndani: likiwa na madoa ya buluu limepata joto kupita kiasi, na kama lina ngazi inayonasa ukucha ni bora kulibadilisha.

Fundi wa Kisauni

Mzee wangu, maji ya moto yanalegeza kweli, sibishi. Ninachohofia ni beringi ya sindano, kwani maji yakiingia humo hayakauki kwa urahisi, na kwa hewa ya Tanga kutu huanza upesi. Kama dada anataka joto, mashine ya kukaushia nywele inatosha, au aiweke puli kwenye jua la mchana baada ya kuitia mafuta.

Binti Raskazone

Shikamooni wazee wangu. Kola imetoka kwa bisibisi mbili baada ya kulowekwa, pini nazo zimetoka, na sahani zimeachana bila moto wala tindo. Grisi ya ndani ilikuwa imegeuka kama udongo mkavu. Pini moja imelika upande, na bomba la sahani tuli lina madoa ya kutu mahali sili zinapopita. Je, naweza kulisafisha na kulitumia tena? Na grisi iwe ya aina gani na kwa kiasi gani?

Fundi wa Kisauni

Marahaba, dada. Pitisha ukucha juu ya madoa hayo. Usiponasa, lisugue bomba kwa msasa laini sana uliotiwa mafuta, kwa kuuzungusha pande zote, kisha ulifute mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ukucha ukinasa, sili mpya itakatwa na vishimo hivyo, grisi itavuja hadi kwenye mkanda, na puli itaganda tena. Hapo ni heri kununua puli kamili. Pini zibadilishe zote tatu pamoja, na sili na oringi usizirudishe za zamani hata zikionekana nzima.

Grisi iwe ile inayostahimili joto kali. Paka utando mwembamba kwenye bomba, tia kiasi katika mifereji baada ya pini kuingia, na usijaze mpaka ifurike. Unapoivisha sahani tembezi, midomo ya sili hupenda kukunjwa na ukingo wa bomba, kwa hiyo kata kipande cha plastiki laini cha chupa ya maji, ulizungushie bomba, uipitishe sahani juu yake, halafu ukichomoe. Oringi zipakwe grisi kidogo kabla ya kola kushuka, na kola ishuke mpaka izifunike zote mbili. Kabla ya kufunga springi, zungusha sahani tembezi kwa mkono: ni lazima ipande na kushuka kwa ulaini katika mifereji yote.

Springi irudishwe na watu wawili. Mmoja aibonyeze sahani ya shuu kwa uzito wa mwili wake juu ya meza imara, akihakikisha sehemu bapa za tundu zimelingana na zile za bomba, na mwingine aianzishe nati ya 39 kwenye uzi wake. Springi hiyo ina nguvu ya kuvunja pua, na nati ikaze mpaka kati ya Nm 50 na 60. Pande za puli zinazogusana na mkanda zifutwe kwa petroli, mbali na moto, zisibaki na alama yoyote ya grisi.

Mzee wa Vespa, Unguja

Hatua inayoharibu kazi nzuri ni ya kuurudisha mkanda. Puli ya nyuma sasa imebanwa na springi na itausukuma mkanda juu, hivyo upande wa mbele mkanda utakuwa mfupi na utabanwa kati ya sahani zile mbili. Ukikaza nati ya mbele wakati huo utadhani imekaza, kumbe inaukaza mkanda, na sahani ya nje haijakaa kwenye meno ya kranki (shafti ya injini). Baada ya safari fupi nati hulegea na meno hukatika, na hapo ni kubadilisha kranki. Zipanue sahani za nyuma kwa mikono, uzamishe mkanda mpaka ndani, kisha uurudishe upande wa mbele ukiwa umelegea. Ukishakaza, uzungushe mkanda kwa mkono mpaka upande juu wenyewe.

Tena, usiiwashe injini bakuli likiwa nje ili kutazama klachi inavyofanya kazi, kwani shuu zisizo na bakuli la kuzizuia hutanuka mpaka zikaharibu springi zake, na kitakachoruka kinaweza kukupata wewe.

Mpita Njia wa Kariakoo

Dada, kama utaagiza mkanda mpya pamoja na sili hizo, usiseme tu "GY6 150". Injini hizo zina kava fupi na kava refu: fupi hutumia mkanda wa 743-20-30 na refu wa 842-20-30 (namba ya kwanza ni urefu kwa milimita). Namba imeandikwa juu ya mkanda wa zamani. Kama imefutika, upime urefu wake kwa uzi kabla hujatuma fedha. Mkanda mpya ukiwa na mshale, uelekee upande gurudumu linakozunguka likienda mbele.