"Vaa sweta"?! Mtu kaleta theluji Agosti, halafu hilo ndilo jibu lake?

Shoka Butu:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji jina, mnamjua. Yule yule mwenye funguo za seva, ile kompyuta tunayokutania kucheza, anayetembea mule ndani kama mwenyekiti wa mtaa.

Nimekaa hai siku 23 kwenye Project Zomboid, ule mchezo wa kompyuta wa kukwepa mazombi. Ishirini na tatu! Mchezo wenyewe mnaujua, ukiumwa na zombi umekwisha, hakuna dawa wala dua. Helikopta inayovuta mazombi kwa kelele imepita nikiwa hai. Umeme umekatika nikiwa hai. Nyumba yangu ya Riverside nimeiziba madirisha ubao kwa ubao, na juu ya paa nina mapipa manne ya kukinga mvua. Kilichobaki ni jarida la jenereta tu, maana bila kulisoma hata kuiunganisha huwezi.

Basi jana usiku nimelipata, nyuma ya duka la vitabu. Niko na fulana na kaptura, kwa sababu mule ndani ni tarehe 1 Agosti 1993, Kentucky, jua la utosi, ukivaa koti unachemka na kiu haikuachi. Nafungua mlango, nje kweupe. Nikasema ukungu. Ukungu wa mchezo huu nauheshimu, ukishuka unatembea kwa masikio. Haukuwa ukungu. Theluji! Agosti!

Mtu wangu ninayemchezesha akaanza kutetemeka, nguo zikalowa, akapiga chafya. Chafya mule ndani ni kengele ya shule. Mazombi yote ya Kentucky yakageuza shingo kwa pamoja, na ya Tennessee naamini yaliitika. Nimezungukwa, shoka limevunjika, naandika kwenye chati: "Jamani, mbona theluji?" Meno yakiwa tayari shingoni, jibu la mwenye funguo likaingia:

"Vaa sweta."

VAA SWETA!

Kumbe sisi tumelala, yeye kaingiza modi, yaani nyongeza ya kubadili mchezo, ya "hali ya hewa halisi" katikati ya mchezo, hakuuliza mtu. Halisi ya wapi? Mvua imo tayari, radi imo, ukungu umo, na theluji inakuja yenyewe msimu wa baridi ukifika. Alitaka baridi? Si kuna mipangilio ya joto na ya mvua, unaiweka kabla hamjaanza, kila mtu anajua anaingia wapi!

Na sweta ningelitoa wapi? Sweta alikuwa nalo zombi! Aliyeniuma alivaa sweta, la kijani, nimeliona kwa macho yangu mawili. Sasa hivi mtu wangu naye kageuka zombi, anazunguka pale nje ya duka na jarida langu kwenye begi. Halafu mtu ananiambia vaa sweta.

Mama Kachumbari:
Pole kaka. Hilo sweta la kijani bado lipo?

Kobe wa Muldraugh:
Siku 23 ndiyo unatufungulia uzi? Mimi naingia mwezi wa tano nikiwa hai, sijasumbua mtu. Theluji yenyewe mleta uzi kaijulia kwenye friji.

Shoka Butu:
Kobe, usinichokoze leo. Uliiona ile chati? Aliweka na nukta mwishoni. "Vaa sweta." Nukta. Kama hakimu.

Nyundo Mbili:
Mwacheni alie. Mimi mtu huyo huyo aliweka modi ya magari, nikapata pikapu, nikaijaza nyama za makopo za mwaka mzima. Asubuhi kaitoa modi. Pikapu hakuna, makopo hakuna, nimesimama barabarani na funguo mkononi.

Bando Limeisha:
Nyie angalau mnaingia. Mimi kila modi ikisasishwa seva inanifukuza mpaka nishushe upya. Bando la wiki limekwenda kwa modi ya kofia. Kofia, wakuu! Sijawahi hata kuivaa.

Nyundo Mbili:
Ya kofia niliomba mimi. Ni nzuri.

Bando Limeisha:
Kumbe ni wewe! Nitumie vocha.

Kobe wa Muldraugh:
Subirini kwanza. Mleta uzi, umesema mapipa MANGAPI juu ya paa?

Shoka Butu:
Manne. Kwani vipi?

Kobe wa Muldraugh:
Mimi lilipotea moja nilipokuwa Riverside. Wiki nzima naulizia kwenye chati, kimya.

Mama Kachumbari:
Kumbe yale mapipa yana mwenyewe? Nilipita pale nikanywa, nikaumwa tumbo nusura nife.

Nyundo Mbili:
Maji ya mvua yanachemshwa, dada.

Mama Kachumbari:
Nichemshie wapi na umeme hakuna? Hata huku nyumbani umekatika toka saa kumi na mbili, naandika kwa simu ina asilimia 9.

Bando Limeisha:
Kwetu pia umekatika. Mtaa gani uko?

Shoka Butu:
Jamani, tunazungumzia sweta!

Kobe wa Muldraugh:
Pipa kwanza.