Mjadala: Bagi ya mchangani iruhusiwe mbio za lami?

Mtoa mada: Wadau, hoja hii haiishi. Mtu ana bagi ya mchangani, kile kigari chepesi cha wazi cha kukimbilia mchangani, kabadili shokapu, breki na tairi. Aruhusiwe kuingia mbio za kasi kwenye lami? Mimi nasema aingie, ila ukaguzi uanzie kwenye breki. Wengi hukimbilia injini kwanza. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati ambayo breki inatakiwa kuimeza huwa mara nne. Gari linalosimama vizuri likiwa kwenye 60, kwenye 120 utalikana.

Mchangiaji wa kwanza: Napinga. Bagi ni ya vumbini. Mwaka 1967 Vic Wilson na Ted Mangels walishinda Mexican 1000, mbio za jangwani kule Baja California, Mexico, kwa bagi ya Meyers Manx, saa 27 na dakika 38. Gari jepesi, tumbo juu, halikwami ovyo. Sasa ulishushe, ukaze springi, uvue tairi za vinundu vya mpira, umebaki na nini? Si ununue gari la lami tu!

Mchangiaji wa pili: Mkuu, asili yake si tatizo. Tatizo ni ekseli ya nyuma. Bagi nyingi zimekalia chasi ya Volkswagen Beetle za zamani, zile ambazo ekseli inabembea, yaani kila gurudumu la nyuma linapanda na kushuka pamoja na nusu yake ya ekseli. Ingia kona kwa kasi, kisha uachie mafuta ghafla: nyuma inanyanyuka, gurudumu la nje linajikunja kuelekea chini ya gari. Niliwahi kukagua tairi lililotoka kwenye kona za namna hiyo. Bega limekwanguka hadi maandishi yamefutika, katikati bado lina vinywele vya upya. Hapo shokapu ngumu peke yake haisaidii kitu.

Na tairi zenyewe, someni herufi ubavuni. Q mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa, H ni 210. Tairi nyingi za matope ni Q.

Mchangiaji wa kwanza: Basi afunge diski kubwa za breki mbele, yaishe.

Mtoa mada: Yaishe wapi, ndugu yangu? Injini iko nyuma, mbele kwepesi. Mimi nilifunga diski hizo hizo mbele, nyuma nikaacha breki za ngoma. Nikikanyaga tu, magurudumu ya mbele yanajifunga, usukani nazungusha kama wa kuchezea, gari linakwenda moja kwa moja. Nilipoweka vali ya kugawa nguvu ya breki ndipo likatulia. Bado nilikuwa na mafuta ya breki ya zamani. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 155. Mzunguko wa sita yakachemka, pedali ikazama hadi sakafuni.

Mchangiaji wa pili: Na ulikuwa umepita ukaguzi?

Mtoa mada: Nilipita. Waliangalia taa na mkanda.

Mchangiaji wa kwanza: Haya, aingie. Lakini ekseli ya kubembea ibaki nje, na mafuta ya breki yabadilishwe mkaguzi akiwa amesimama hapo hapo.